Kibaha: Darasa na Wodi Katika Kiwanja Kimoja

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu utakayeyasoma haya gazetini, juma hili nataka tuizungumze Kibaha. Si kwa habari ya bei za viwanja wala foleni ya barabara ya Morogoro, bali kwa habari ya somo la biolojia. Usicheke, nina sababu.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitiliana saini na nchi za kaskazini ya Ulaya, zikiwemo Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi, kuanzisha mradi mkubwa porini, kilometa kama 40 kutoka Dar es Salaam. Wale maadui watatu aliokuwa akiwataja Mwalimu Nyerere, yaani ujinga, maradhi na umaskini, kila mmoja alipangiwa wa kumkabili: shule ya sekondari, kituo cha afya, na chuo cha wakulima, vyote katika eneo moja. Shule ilianza kupokea wanafunzi mwaka 1965. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Watanzania, likawa Shirika la Elimu Kibaha, na kile kituo cha afya kikakua hadi kuwa hospitali ya Tumbi.

Mimi nikiutazama mpango ule naona ulikuwa na akili nyingi. Mwanafunzi anasoma darasani jinsi mwili unavyofanya kazi, na hatua chache tu kutoka hapo mwili huo huo umelazwa kitandani. Lakini baina ya darasa na wodi palibaki ukuta ambao wahandisi wa Nordiki hawakuujenga, nao ni ukuta wa lugha.

Nilipata kukaa Pangani, Pangani hii ya Kibaha, si ile ya mto kule Tanga. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mwenye mjukuu wa kidato cha nne. Jioni kijana alikuwa akizunguka uani na daftari lake: profasi, metafasi, anafasi, telofasi. Siku moja bibi, huku akimenya mihogo, akamwuliza, "Mjukuu wangu, hayo maneno ni ya nini?"

"Ya mtihani, bibi."

"Yanasemaje?"

Kijana akatazama daftari. "Ni hatua nne, bibi."

Hatua nne za nini, hakusema. Na sidhani kuwa alikuwa mvivu.

Sasa hebu tuyafuate maneno hayo yalikotoka. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke aliweka chini ya hadubini kipande chembamba cha gamba la mti litengenezalo vizibo vya chupa. Akaona vijumba vingi vimepangana, akaviita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya chumba kidogo. Ndilo hili tunaloliita seli. Mwaka 1882 Mjerumani Walther Flemming, aliyezitia seli rangi na kuzichungulia zikigawanyika, aliona ndani yake vitu mfano wa nyuzi vikijipanga na kuachana. Akaupa mgawanyiko huo jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi: mitosisi. Chumba na uzi! Bibi wa Pangani anavijua vyote viwili. Mabingwa wale walichukua maneno ya nyumbani wakayapa kazi mpya; yalipofika kwetu yakawa sauti tu za kukariri.

Wapo wanaosema Kiswahili hakifai kwa sayansi kwa kuwa maneno yake yamechanganyika. Watakutolea mfano wa mshipa. Mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, na huku Pwani mtu mwenye ngiri naye husemwa ana mshipa. Naam, ni kweli. Lakini Wagiriki wa kale nao, neno lao lenye asili moja na neva lilikuwa na maana ya kano, ile kamba ngumu inayofunga nyama kwenye mfupa. Walichanganya vile vile. Hawakuitupa lugha yao; walizidi kupasua, kutazama na kutenganisha. Nami naona mshipa wa fahamu ni jina linalosema kazi ya kitu chenyewe kuliko hiyo neva.

Wala hatukukosa wa kuifanya kazi hiyo kwetu. Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Februari 2015 Rais Jakaya Kikwete, ambaye mwenyewe alisoma sekondari hapo hapo Kibaha miaka ya 1960, alizindua sera iliyosema Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Sekondari zimeendelea na Kiingereza.

Mtu atasema, hayo ni magomvi ya wasomi. La hasha. Chukua degedege. Mtoto ana homa kali, macho yanageuka, mwili unakakamaa. Watu wengi wa Pwani waliliona kuwa ni jambo la dege au la pepo, wala si malaria. Watafiti waliochapisha mwaka 1996 matokeo ya kazi yao katika wilaya ya Bagamoyo, jirani kabisa na Kibaha, walikuta mtoto wa degedege mara nyingi akianza kwa mganga, kwa dawa za jadi na kufukizwa kinyesi cha tembo. Hospitali ilikuja baadaye, na kwa malaria iliyopanda kichwani saa chache ni nyingi mno. Katika nyumba kama hizo alikuwamo pengine kaka au dada aliyekwisha kufanya mtihani juu ya ubongo na mfumo wa fahamu. Aliyajibu maswali kwa Kiingereza, na mama yake alilia kwa Kiswahili.

Au rudi Tumbi. Hospitali ile iko kando ya barabara kuu, nayo imezoea kupokea majeruhi wa mabasi na pikipiki. Ndugu hukaa nje wakihesabu siku. Kidonda cha paja kimefunga, mfupa umeunga, mbona miguu haiamki? Jibu limo katika mada mbili za biolojia ya sekondari ambazo hufundishwa mbalimbali. Ngozi na mfupa hupona kwa kuwa seli zake hugawanyika na kuziba pengo. Seli za fahamu, zikishakomaa, hazigawanyiki. Mshipa wa fahamu wa mkononi uliokatika huweza kuota tena, polepole sana, kama milimeta moja kwa siku. Ule ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo hauoti hivyo. Kwa hiyo majeruhi wa mgongo hubebwa kwa kulazwa juu ya ubao, amenyooka, watu kadhaa wakimwinua kwa pamoja; havutwi mikono na miguu na kutupwa nyuma ya pikapu kama gunia la mkaa.