Barafu Iliyofunga Gesi

Msomaji, yamkini umepata kuiona barafu, ikiwa si katika kilele cha Mlima Kenya, basi katika sanduku la muuza samaki. Je, umepata kusikia habari za barafu iwakayo moto? Barafu hiyo ipo. Chembe za maji huungana zikafanya vizimba vidogo mno, na ndani ya vizimba hivyo hufungwa chembe za gesi. Wataalamu huiita haidrati. Lita moja ya haidrati ya methani ikiyeyuka hutoa gesi kadiri ya lita 160.

Zamani wataalamu wa Ulaya waliona kwamba gesi ya klorini ikipozwa hugeuka kuwa kitu kigumu, wakadhani kuwa ni klorini iliyoganda. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza aliikausha gesi hiyo barabara, akaipoza, wala haikuganda. Ndipo ilipojulikana kuwa siri ilikuwa katika maji. Mwaka 1823 msaidizi wake, Michael Faraday, ambaye ujanani alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, alipima kiasi cha maji na cha klorini kilichomo. Kisha aliifunga haidrati katika mrija wa kioo, akaitia joto, akapata klorini iliyo kimiminiko.

Kwa zaidi ya miaka 100 haidrati ilibaki kuwa ajabu ya maabara tu. Mwaka 1934 Hammerschmidt wa Marekani alionyesha kuwa ndiyo iliyokuwa ikiziba mabomba ya gesi, hata pale ambapo baridi haikutosha kugandisha maji.

Sasa tazama mkondo wa pili wa habari hii. Mwaka 1944, vita vikuu vikiendelea, Yevgeny Zavoisky aligundua huko Kazan, katika Umoja wa Kisovieti, njia ya kuitambua elektroni iliyo pekee. Elektroni hupenda kukaa mbili mbili. Miali ya gama ikiipiga methani huweza kuing'oa atomu moja ya hidrojeni, na kipande kinachobaki, kiitwacho radikali, huwa na elektroni isiyo na mwenziwe. Radikali haina utulivu, lakini ikifungwa katika kizimba chenye baridi kali haiendi kokote. Iwekwe kati ya ncha za sumaku na kupigwa mawimbi, elektroni ile humeza sehemu ya nguvu yake, na hivyo hujifichua. Radikali ya methani huandika mistari minne, kama mtu atiaye sahihi yake.

Mwaka 1975 Motoji Ikeya wa Japani alitumia njia hiyo kupima umri wa mawe ya pangoni. Miaka 30 baadaye, mwaka 2005, watafiti wa Osaka walitangaza jinsi radikali zinavyotoweka katika haidrati ya methani iliyopigwa miali, kadiri joto linavyopanda. Elimu hiyo si mchezo. Chini ya bahari na katika ardhi iliyoganda ya kaskazini mna haidrati nyingi sana, na methani ikitoka hewani huongeza joto la dunia.

Basi, mwanafunzi, Davy hakuwa na chombo chochote cha kuonea elektroni. Alichokuwa nacho ni swali moja: je, gesi hii ni kavu kweli? Ukiingia maabara, usikubali jawabu kwa sababu wengi wamelikubali. Likaushe kwanza.