Ucheleweshaji wa Safari za Mizigo za Kibiashara kwenda Kituo cha Kimataifa cha Angani, 2006–2024: Funzo kwa Sera za Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Chombo cha kwanza cha kibiashara kiliunganishwa na Kituo cha Kimataifa cha Angani tarehe 25 Mei 2012. Kwa makubaliano ya mwaka 2006, mmiliki wake, kampuni ya SpaceX, alitarajiwa kumaliza majaribio yote kabla ya mwisho wa mwaka 2009. Pengo hilo limefasiriwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaoliona kuwa ushahidi kwamba kazi ya serikali haikupaswa kukabidhiwa wafanyabiashara, na wapo wanaolipuuza kwa kuwa mizigo hatimaye ilifika. Makala haya yanadai kwamba fasiri zote mbili zina kasoro moja: zinautazama ucheleweshaji kana kwamba ni kitu kimoja. Historia inaonyesha aina tatu, yaani ucheleweshaji wa utengenezaji, wa foleni na wa ajali, na kila aina ilihitaji kinga yake. Suala hili linatuhusu, kwani setilaiti za kwanza za Kenya na Uganda zilisafirishwa na vyombo hivyo.

2.0 Ucheleweshaji wa Utengenezaji

Chimbuko la mpango huu ni ajali ya chombo Columbia ya tarehe 1 Februari 2003. Januari 2004, Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba vyombo vyake vya kwenda na kurudi vingestaafishwe mara ujenzi wa kituo utakapokamilika. Agosti 2006, shirika la NASA liliteua kampuni mbili, SpaceX na Rocketplane Kistler, ziunde vyombo mbadala, zikilipwa kila zinapokamilisha hatua iliyokubaliwa. Rocketplane Kistler ilishindwa kupata mtaji, makubaliano yake yakavunjwa Oktoba 2007, na Februari 2008 nafasi yake ikachukuliwa na Orbital Sciences.

Tarehe 23 Desemba 2008, kabla roketi za kazi hiyo hazijaruka hata mara moja, NASA ilitoa mikataba ya huduma: safari 12 za SpaceX kwa dola bilioni 1.6, na safari 8 za Orbital kwa dola bilioni 1.9. SpaceX ilianza huduma Oktoba 2012, na Orbital Januari 2014. Wakati huohuo, malipo ya kuendeleza vyombo yaliongezwa kwa ajili ya hatua za ziada za kupunguza hatari: ya SpaceX yalipanda kutoka dola milioni 278 hadi 396, na ya Orbital kutoka milioni 170 hadi 288. Mwaka 2013, mkaguzi mkuu wa NASA alibainisha kwamba shirika lilikuwa limekwisha kulipia kazi za safari za baadaye za Orbital kabla hata safari ya majaribio haijafanyika.

Kilichokiokoa kituo katika kipindi hicho ni akiba. Julai 2011, chombo Atlantis kilifanya safari ya mwisho ya vyombo vya serikali kikiwa kimesheheni mahitaji ya takriban mwaka mzima. Wahenga walisema akiba haiozi. Hapa akiba ndiyo iliyompa mtengenezaji nafasi ya kuchelewa bila kuwahatarisha wanaanga.

3.0 Ucheleweshaji wa Foleni

Aina ya pili hupimwa kwa siku au wiki, na mara nyingi chanzo chake hakimo mikononi mwa msafirishaji. Septemba 2013, chombo Cygnus cha Orbital kilifika karibu na kituo, lakini data zake za mahali hazikuoana na za kituo. Marekebisho ya programu yalipokuwa tayari, ilibidi kisubiri wanaanga waliokuwa wakija kwa Soyuz wapite kwanza. Kikapokewa tarehe 29, wiki moja baada ya siku iliyopangwa. Safari iliyofuata iliahirishwa Desemba 2013 kutokana na hitilafu ya mfumo wa kupooza wa kituo chenyewe, kisha kwa baridi kali, kisha kwa mnunurisho wa jua. Iliondoka tarehe 9 Januari 2014.

Kwa chakula na nguo, siku hizo si neno. Kwa sampuli hai, ambazo hupakiwa karibu na saa ya kuruka, kila kuahirishwa kunaweza kumlazimu mtafiti kuandaa upya kazi ya miezi. Gharama ya foleni humwangukia mwenye mzigo, ambaye aghalabu si mhusika wa mkataba.

4.0 Ucheleweshaji wa Ajali

Tarehe 28 Oktoba 2014, roketi ya Antares ya Orbital ililipuka sekunde chache baada ya kuruka. Aprili 2015, chombo cha Urusi cha Progress kilipotea, na tarehe 28 Juni 2015 roketi ya SpaceX ikasambaratika angani. Kituo hakikuhamwa, kwa kuwa Urusi ilituma Progress nyingine Julai, Japani ikatuma chombo chake Agosti, na Desemba Cygnus ikarushwa kwa roketi ya kampuni nyingine, Atlas V.

Hata hivyo, wingi wa majina si wingi wa njia. Antares ilitegemea injini za Urusi na sehemu zilizotengenezwa Ukraina. Vita vya mwaka 2022 vilipokata ugavi huo, Northrop Grumman, iliyokuwa imeirithi Orbital, ililazimika kununua safari tatu kwa mshindani wake, SpaceX. Ya kwanza iliruka tarehe 30 Januari 2024. Watoa huduma walibaki wawili, lakini roketi ikawa moja.

5.0 Hitimisho: Funzo kwa Mataifa Yetu

Setilaiti ya Kenya, 1KUNS-PF, ilirushwa na SpaceX tarehe 2 Aprili 2018 na kuachiliwa kutoka kituoni tarehe 11 Mei. PearlAfricaSat-1 ya Uganda ilisafiri na Cygnus tarehe 7 Novemba 2022, siku moja baada ya king'ora cha moto katika jengo la udhibiti kusimamisha safari. Kisha paneli moja kati ya mbili za jua za chombo ilikataa kufunguka, na setilaiti ikafika kituoni kwa nguvu ya paneli iliyosalia. Katika safari zote mbili, mataifa yetu yalikuwa abiria wa abiria: hayakumiliki roketi, chombo wala kalenda.

Kutokana na historia hii, washauri wa sera wanapaswa kudai mambo matatu. Dhidi ya ucheleweshaji wa utengenezaji, malipo yafuate kazi iliyothibitishwa, si tarehe iliyoahidiwa. Dhidi ya foleni, bajeti itenge fedha za kusubiri, na mkataba utaje nani atagharimia matayarisho ya pili. Dhidi ya ajali, kabla ya kuridhika na wasafirishaji wawili, iulizwe kama wanategemea roketi, injini au kiwanda kimoja. Ucheleweshaji hauwezi kufutwa. Unachoweza kuamuliwa mapema ni mtu atakayeubeba. Mataifa yasiposema lolote kuhusu hilo, yatakuwa yamekubali kuubeba yenyewe.