Festina lente: Msemo wa Kale na Karanga za Kongwa



Wapendwa wasomaji, katika tafakari ya juma hili tutazame misemo mitatu ya wageni. Wa kwanza ni wa Kilatini: festina lente, maana yake "fanya haraka, lakini polepole". Wa pili ni wa Kiingereza, pale wanapokiita kitu fulani "tembo mweupe". Wa tatu nao ni wa Kiingereza, na kwa Waingereza wa kizazi kilichopita haukuhitaji maelezo: "mpango wa karanga". Huu wa tatu una ajabu yake. Ulisemwa sana London, lakini haukuzaliwa huko. Ulizaliwa Kongwa, katika nchi yetu hii ya kati, chini ya kilomita 100 kutoka hapa Nzuguni.

Tuanze na tembo. Masimulizi yanasema kwamba wafalme wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, walikuwa na njia ya heshima ya kumwangamiza mtu waliyemchukia. Walimzawadia tembo mweupe. Mnyama huyo alikuwa mtakatifu, hivyo hakuweza kutumikishwa, kuuzwa wala kuchinjwa. Alipaswa kulishwa tu, hadi mwenye kupewa akafilisika. Iwe masimulizi hayo ni kweli au ni hadithi, Waingereza wakachukua jina hilo na kukiita hivyo kila kitu cha fahari ambacho gharama yake inapita faida yake.

Sasa tuje Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na wananchi wake walikuwa bado wakigawiwa chakula kwa vipimo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa Kampuni ya United Africa, alipendekeza kwamba karanga zilimwe kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ukatumwa kuchunguza, na uchunguzi wake ulichukua majuma machache tu. Pendekezo lake lilikuwa kusafisha ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. John Strachey, waziri wa chakula, aliukumbatia mpango huo, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa.

Kilichofuata kilikuwa haraka tupu. Matrekta na makatapila yalinunuliwa katika mabaki ya vita, mengi yakiwa yamechakaa kabla ya kufika. Vifaru vya kijeshi viligeuzwa kuwa mashine za kulimia. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya makatapila mawili ili kung'oa vichaka, lakini mizizi ilibaki ardhini na kuvunja majembe. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takriban 7,500.

Halafu ardhi yenyewe ikajibu. Karanga ni mmea wenye tabia yake. Ua lake huchanua juu ya ardhi. Likisha kuchavushwa, kikonyo chake hurefuka, huinama na kujipenyeza udongoni, na ganda lenye punje hujiunda humo chini. Kwa hiyo karanga hutaka udongo laini. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na kiangazi kikiingia hukauka ukawa mgumu kama tofali. Kikonyo hupata shida kupenya, na hata karanga zilizokomaa haziwezi kung'olewa kwa urahisi. Tena nchi hii ina msimu mmoja tu wa mvua, nao si wa kutegemewa kila mwaka. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, ikiwa imepoteza pauni zaidi ya milioni 36. Tangu hapo, mwanasiasa wa Uingereza aliyetaka kuudhihaki mradi wowote mkubwa wa serikali alitaja karanga tu, na wasikilizaji wakaelewa.

Hapa ndipo napenda tusimame kidogo. Msemo huhifadhi kumbukumbu, lakini huhifadhi kumbukumbu ya yule anayeusema. Mwingereza alipotaja "mpango wa karanga" alikumbuka fedha za walipa kodi wake na aibu ya waziri wake. Hakumkumbuka Mgogo. Hakuwakumbuka vibarua walioacha mashamba yao kwa ajili ya ujira wa Kongwa, wala migomo ya mwaka 1947 iliyoenea kutoka bandari ya Dar es Salaam ikafuata reli hadi huku bara. Hakukumbuka kwamba watu wa nchi hii walikuwa wakiishi na ukame vizazi kwa vizazi. Walipanda uwele na mtama, nafaka zinazovumilia jua, wakafuga ng'ombe wanaoweza kuhamishwa mvua zinapokosekana, na njaa kubwa walizipa majina ili wajukuu wasisahau. Ile ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza wazee waliiita Mtunya. Elimu hiyo ilikuwapo, tena bila malipo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walioleta makatapila hawakuuliza vya kutosha.

Ndiyo maana nimeanza na Kilatini. Mwanahistoria Suetonius anaeleza kwamba Kaizari Augusto alipenda sana msemo huu, akiutumia kwa Kigiriki, na aliona kwamba jemadari hana kasoro mbaya kuliko haraka na ujasiri usiopima. Karne nyingi baadaye Aldus Manutius, mchapaji vitabu wa Venisi, alichagua alama inayouonyesha: pomboo aliyejiviringisha kwenye nanga. Pomboo ni mwepesi, nanga huzuia, navyo vimeunganishwa. Kule Kongwa nanga ilibaki baharini, na mnyororo wake ukafanywa chombo cha haraka.

Wengi watasema kwamba sisi tayari tunao msemo huo: haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini misemo hii miwili hailingani kabisa, na tofauti yake ina faida. Methali yetu inaonya juu ya haraka. Kilatini kinaagiza mambo mawili kwa pamoja: fanya haraka, na ufanye polepole. Hakimpi mvivu kisingizio. Njaa ya Waingereza ilikuwa ya kweli, na waliotaka kuiondoa upesi hawakukosea kutaka hivyo. Walikosea kudhani kwamba kukimbia kunaweza kuchukua nafasi ya kupima. Hata mfano wa Injili juu ya mtu anayetaka kujenga mnara haumlaumu kwa kujenga. Unamtaka kwanza aketi na kuhesabu gharama, asije akachekwa na wapita njia.

Tusiwacheke kupita kiasi. Bandari ya Mtwara tunayoitumia leo ilijengwa kwa ajili ya mpango huohuo. Kongwa yenyewe haikubaki kaburi la matrekta: ikawa na ranchi ya ng'ombe, jambo ambalo Wagogo wangeshauri tangu mwanzo, na kuanzia miaka ya 1960 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Namibia na Afrika Kusini. Hivyo jina ambalo kwa Mwingereza ni dhihaka, kwa mzee wa FRELIMO au wa SWAPO ni jina la matumaini.

Kwa nini haya yatuhusu sisi wa Nzuguni? Kwa sababu kila mwaka mwezi wa Agosti viwanja vya Nane Nane vilivyo hapa kwetu hujaa mbegu mpya, matrekta na ahadi za mavuno, na kwa sababu mashamba yetu yanageuka viwanja na barabara kwa kasi ambayo wazee wetu hawakuijua. Hayo ni mema. Lakini kila anayeleta mpango, awe mgeni au mwenyeji, awe na fedha za serikali au mkopo wa kikundi, na aulize kwanza udongo ni wa namna gani, mvua hunyesha lini, na nani atalipa usipofanikiwa. Nasi tunaoulizwa tusinyamaze kwa kumwogopa mwenye suti. Bibi anayejua kwamba bonde fulani hutuamisha maji ana elimu ambayo haimo katika ramani.

Festina lente, ndugu zangu. Nawatakia juma jema.