Kuvumbua na Kugundua: Maneno Mawili Katika Darasa la Unguja

Wafasiri wa vitabu vya ualimu huandika mara "mbinu ya uvumbuzi", mara "mbinu ya ugunduzi", kana kwamba maneno hayo ni pacha. Historia yake haikubaliani na mazoea hayo.

Katika mashamba ya Unguja mkungu wa ndizi huvumbikwa shimoni, ukafunikwa kwa majani na udongo mpaka uive. Kama vile funika lilivyo na kinyume chake, funua, ndivyo vumbika lilivyo na vumbua. Basi mvumbuzi, kwa asili ya neno, habuni kitu. Huondoa kifuniko kilichowekwa. Kugundua ni jambo jingine: ni kukuta ghafla, kufuma bila kutarajiwa. Mwizi hugunduliwa, ndizi haigunduliwi.

Kiunguja kilipochaguliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, haja kubwa ilikuwa vitabu vya shule. Maneno ya shamba yakaingia darasani, lakini mengine yaliacha mizizi yao nyuma. Leo mvumbuzi ni mtu aliyetengeneza mashine, ambaye kwa haki tungemwita mbuni.

Je, hili lina uzito gani kwa mwalimu? Tutazame mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990. Humo mtoto hupanga vifuu, makombe na mbegu, akazihesabu na kuzilinganisha. Mtazamaji wa haraka husema mtoto anacheza tu. Hakumwona mwalimu alfajiri, akichagua vitu hivyo na kuvipanga pembeni mwa chumba kwa makusudi. Mwalimu amevumbika, mtoto anavumbua. Neno "ugunduzi" humfuta mwalimu huyo, na nadhani ndiyo sababu baadhi ya walimu huiogopa mbinu hii: wamesikia kwamba mtoto huachwa peke yake abahatishe. (Chuo cha Kurani kisilaumiwe hapa, matini isiyobadilishwa hata herufi huhitaji kukaririwa.)

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyekwisha kufunua jambo kwa mkono wake hukosa neno la kulitaja, na mwalimu, kwa kumwonea huruma, humpa jibu. Hapo somo limekwisha kabla ya kuanza.

Kwa hiyo napendekeza "kuvumbua" litumike kwa kazi ya darasani, na "kugundua" libaki kwa yale yanayotufikia kwa ghafla. Najua pingamizi moja: kijana wa Mji Mkongwe hununua ndizi zilizokwisha kuiva sokoni Darajani, na huenda hajapata kusikia neno vumbika. Mwalimu itambidi achimbe shimo nyuma ya shule.