Seva Iko Wapi? Historia Fupi ya Mfumo wa Madirisha wa X

Katika somo la tafsiri, mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea kifungu cha mwongozo wa kompyuta. Neno "seva" alikuwa amelitafsiri "kompyuta kubwa iliyo mbali". Sarufi yake ilikuwa safi, lakini maana ya kifungu kizima ilikuwa imepinduka. Ili kulielewa kosa hilo, inafaa turudi nyuma kidogo katika historia.

Mnamo mwaka 1983 chuo cha MIT, Marekani, kilianzisha mradi wa Athena kwa kushirikiana na kampuni za DEC na IBM. Lengo lilikuwa kuingiza kompyuta katika masomo ya wanafunzi. Hata hivyo, mashine zilikuwa za aina mbalimbali, na programu za picha zilizoandikwa kwa aina moja hazikufanya kazi kwenye nyingine. Mwaka 1984 Bob Scheifler na Jim Gettys walianza kuunda mfumo wa madirisha wa kuondoa tatizo hilo. Walianzia kwenye mfumo wa Chuo Kikuu cha Stanford ulioitwa W. Na kwa kuwa herufi inayofuata ni X, jina likapatikana. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987, na ndilo linalojulikana hadi leo kama X11.

Uzuri wa X ni kwamba programu huweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya Unix iliyo jengo jingine au hata mji mwingine, huku dirisha lake likitokea mezani pa mtumiaji. Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipojikwaa. Katika X, seva ni programu inayosimamia skrini, kibodi na kipanya, yaani iko hapo hapo mezani. Programu iliyo mbali ndiyo mteja: huiomba seva iichoree dirisha na kuipelekea herufi zinazobonyezwa. Huduma inayotolewa ni skrini, na mwenye skrini ndiye mhudumu.

Aidha, mfumo huo ulikuwa na udhaifu. Ujumbe ulipita mtandaoni bila kufichwa, hivyo mdukuzi aliweza kusoma hata maneno ya siri. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, aliunda SSH baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo chake. SSH iliweza kuyasafirisha mawasiliano ya X yakiwa yamefumbwa, na njia hiyo ikawa ya kawaida.

Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianzisha Wayland, ambao haukuuweka mtandao katika msingi wake. Mifumo mingi ya Linux imehamia huko, ingawa programu za X bado huendeshwa humo kupitia daraja maalumu.

Walimu wenzangu, historia hii inatufundisha kwamba istilahi hufuata kazi ya kitu, wala si ukubwa wake au umbali wake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mfasiri naye, kabla ya kushika kalamu, sharti ajue kwanza nani mgeni na nani mwenyeji. Asipojua, msomaji atakayefuata mwongozo wake ataitafuta seva mbali ilhali ameiketia mbele.