Mzaliwa wa Nairobi na Simiti ya Mwili

Tukiwa sekondari, seli tulichora kama duara lenye kiini katikati, na nje ya duara, karatasi nyeupe. Tukaambiwa seli ni matofali ya mwili, tukaandika, tukasonga mbele. Hakuna aliyeuliza simiti iko wapi.

Kumbe simiti ipo, na aliyesaidia kuigundua, Richard Hynes, alizaliwa hapa Nairobi mwaka wa 1944. Sitaki kumdai sana. Alilelewa Liverpool, na kazi yake ameifanyia Uingereza na Marekani. Lakini ni jina la mji wetu lililonifanya nisome wasifu wake hadi mwisho.

Hata hakuwa anatafuta simiti. Akiwa katika maabara ya saratani jijini London, alitaka kujua ngozi ya seli hubadilika vipi seli inapogeuka kuwa ya saratani. Akachukua seli za hamsta, zingine nzima, zingine zilizogeuzwa na virusi, akazitia alama ya iodini yenye mnururisho upande wa nje tu, kisha akalinganisha. Protini moja kubwa ilionekana kwenye seli nzima. Kwenye zile za saratani, hakuna. Hiyo ilikuwa 1973, na huko Finland kundi la Antti Vaheri na Erkki Ruoslahti lilikuwa limeiona pia. Baadaye ikaitwa fibronektini, kutokana na maneno ya Kilatini ya uzi na kufunga.

Watafiti waliporudishia seli za saratani protini hiyo, zilishika tena chini na sura yao ikarudi kiasi. Saratani yenyewe haikuondoka, kwa hivyo tusichangamke.

Seli hushika uzi huo kwa mkono gani? Jibu lilipewa jina integrini mwaka wa 1986: protini inayotoboa ngozi ya seli, nje imeshika fibronektini, ndani imeshika mifupa midogo ya seli. Hapo mfano wangu wa simiti unaanza kunisaliti, maana tofali likishashikwa halitembei. Seli za kiinitete hutembea, tena sana, na nyuzi hizi ndizo zinazokanyaga.

Jaribio lililonikaa zaidi ni la 1993. Maabara ya Hynes, sasa ikiwa MIT, ilizalisha panya wasio na jeni ya fibronektini. Viinitete vilijipachika kwenye mji wa mimba kama kawaida, hata ungedhani mambo ni shwari. Kisha, wakati wa kujenga mwili ulipofika, vile vipande vya mgongo vinavyozaa pingili na misuli havikutokea. Moyo na mishipa ya damu ikaharibika. Vyote vilikufa karibu katikati ya mimba, ambayo kwa panya ni kama wiki tatu tu. Seli zilikuwepo, jeni zingine zote zilikuwepo.

Mwaka wa 2022, Hynes, Ruoslahti na Timothy Springer walipewa Tuzo ya Lasker kwa kazi yao kuhusu integrini.