Stesheni ya Dodoma: Bandari ya Kanda ya Kati

Mwaka 1914 meli ilipita Dodoma. Ilikuwa imefungwa vipande vipande kwenye masanduku yapatayo 5,000, yaliyotoka kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, yakashushwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye mabehewa kwenda Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliiita Graf von Goetzen. Sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Mji ulio mamia ya kilomita kutoka pwani ukaipitisha meli uani kwake, na kwa zaidi ya miaka 100 stesheni yake imefanya kazi ambayo kwingine hufanywa na gati: kupokea wageni, kupakia mzigo na kuwaaga wanaokwenda mbali.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914. Kabla yake misafara ya pembe na watumwa ilikatiza Ugogo kwa miguu kati ya Bagamoyo na Tabora, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo ya nguo na shanga kabla ya kuiruhusu kupita na kuchota maji. Ungekataaje? Katika nchi kavu kama ile, mwenye kisima ndiye mwenye neno. Treni ikaimaliza biashara hiyo ya misafara, na kijiji kidogo cha Wagogo kikapata stesheni, maduka na maofisi. Wanaodai kwamba Dodoma ilianza mwaka 1973, TANU ilipoamua kuhamishia huku makao makuu ya nchi, wanaipunja stesheni miaka zaidi ya 60.

Reli hiyohiyo ilileta Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Goetzen kwa mikono yao wenyewe ili isitekwe. Siku tatu baadaye majeshi ya upande wa Waingereza yakaingia Dodoma. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo, vijana wakakamatwa kuwa wapagazi, kisha mvua ikakatika. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliua watu wengi mno kati ya 1917 na 1920. Meli iliibuliwa ziwani na kurudi kazini mwaka 1927. Waliokufa njaa hawakurudi.

Maisha ya stesheni yenyewe hayajaandikwa sana, na kwangu hayo ndiyo yenye utamu. Treni ya bara ikikaribia, kina mama wanajipanga kandokando ya reli na masinia kichwani: mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwenye kipande cha gazeti, karanga, kuku wa kukaanga, na msimu ukifika, zabibu. Biashara inafanyikia dirishani. Abiria anashusha noti, muuzaji anainua sinia kwa mkono mmoja huku akitafuta chenji kwa mwingine, na honi ikilia kabla chenji haijapatikana, anakimbia sambamba na behewa mpaka aitoe. Kutoka Kigoma huja dagaa na mawese. Harufu yake hutangulia wenyewe kushuka.

Mwanzoni mwa 2010, mafuriko ya Kilosa yalipokuwa yameikata reli, treni za abiria za kwenda bara zilianzia Dodoma. Watu wakaja kwa mabasi kutoka Dar es Salaam na kupandia hapa, na kwa miezi kadhaa stesheni ya katikati ikawa ya mwanzo.

Kuna pia tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kuelekea Dodoma ilirudi nyuma mteremkoni karibu na Igandu na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hakuna historia ya stesheni hii inayostahili jina hilo ikiiruka siku hiyo.

Julai 2024 treni ya umeme, SGR, ilianza kubeba abiria hadi Dodoma, na Agosti 1 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Kutoka Dar es Salaam sasa ni kama saa tatu na nusu, safari iliyokuwa ikila usiku kucha. Ina stesheni yake mpya, madirisha hayafunguki, na hakuna anayeuza yai kupitia kioo. Sisikitiki sana: aliyewahi kukaa Kilosa nusu siku akisubiri kichwa cha treni hawezi kuitamani ya zamani.

Lakini historia ya stesheni ya kale bado imo majumbani mwa wastaafu wa reli na wajane wao, hapahapa Dodoma: picha za magenge ya reli, vitambulisho vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki lililovunjika mwaka 1977, daftari za zamu. Mwenye navyo asivichome wala kuwauzia wafungashaji wa karanga. Avipeleke Nyaraka za Taifa.